Tupeane uzoefu: Masta ya uhandisi mitambo Nyanda za Juu Kusini, utafiti unakwamia wapi?

Parafujo
Wakuu, vijana wengi wanaulizia masta ya uhandisi mitambo kwa huku kwetu. Ya ada na fomu tuyaache, yapo kwenye matangazo. Tuweke yanayokwamisha kazi yenyewe: vipimo, karakana, data, programu.

Nianze na joto. Anayefanyia majaribio Mbeya asahau habari ya maji kuchemka nyuzi 100. Mji uko kama mita 1,700 juu ya bahari, presha ya hewa ni kilopaskali (kPa) 82.5 hivi, na maji yanachemka karibu 94.3. Mtu anatumbukiza themokapo (kipimajoto cha nyaya mbili za metali tofauti) kwenye sufuria inayotokota, anaona 94, anasema kifaa kibovu, "anakisahihisha" kisome 100. Hapo ameongeza karibu nyuzi 6 za uongo kwenye kila jedwali la tasnifu. Mtahini akitoka Dar anaweza asishtuke. Akitoka hapa hapa umekwisha.

Bi Nati
Naunga mkono. Na barafu inayoyeyuka ni 0 hata Makete. Ipondeponde, changanya na maji safi, koroga, kisha hakiki kifaa kwa alama zote mbili, ya barafu na ya maji yanayochemka.

Chumachakavu
Umenikumbusha waya. Themokapo ya aina K inatoa takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi. Ukiirefusha kwa waya wa shaba wa kawaida, kifaa kinadhani safari imeishia pale ulipounga. Kiungo kikiwa kwenye nyuzi 50 na kisomeo kiko kwenye 22, umepoteza 28 na skrini haikuambii kitu. Waya wa kurefushia uwe wa aina K vilevile. Na ukiona unapasha moto halafu namba inashuka, umegeuza chanya na hasi.

Waliochagua mada za injini na pampu nao wasijisahau. Kwa joto lilelile, hewa ya Mbeya ni nyepesi kwa kama 18% kuliko ya pwani. Injini isiyo na tabo (turbo, kifaa cha kushindilia hewa) haiwezi kutoa nguvu iliyoandikwa kwenye kibandiko, msije mkaandika sura nzima kwamba dizeli ya huku ni mbovu. Pampu hivyohivyo: ule ukomo wa kunyonya maji kutoka mita 10.3 ni wa Tanga, usawa wa bahari. Hapa ni 8.4, tena kabla hujatoa msuguano wa bomba.

Mnyalukolo Halisi
Kamwene wadau. Mimi niseme ya mitambo midogo ya umeme wa maji, maana Njombe, Ludewa na Rungwe mada hizo haziishi, na kosa mara nyingi liko mtoni, tabaini (mashine inayozungushwa na maji) inasingiziwa tu.

Njia rahisi ya kupima mtiririko wa kijito ni kizingiti cha V cha digrii 90. Tumia bati la milimita 3, kingo zichongwe upande maji yanakoangukia, lisimamishwe kwa pima maji. Mtiririko, kwa mita za ujazo kwa sekunde, ni takriban 1.38 mara kimo cha maji (kwa mita) kwa kipeo cha 2.5. Kimo usikipimie pale kwenye mdomo, maji yameshaanza kuinama. Rudi nyuma angalau mara nne ya kimo kikubwa unachotarajia, ukite rula huko, na sifuri yake ilingane na ncha ya chini ya V. Upande wa pili maji yaanguke huru na hewa ipite nyuma yake. Yakijaa mpaka kugusa ncha, fomula imekufa.

Kimo kikiwa mita 0.20 unapata lita 24.7 kwa sekunde. Kwa anguko la mita 25 na ufanisi wa 60%, hiyo ni kilowati 3.6. Sasa mtu anapima Machi mto umefura, anachagua tabaini kwa namba hiyo, ikifika Oktoba haizunguki. Data za miaka ya nyuma ziko ofisi za mabonde: Rufiji ipo Iringa, Ziwa Rukwa ipo Mbeya, Ziwa Nyasa ipo Tukuyu. Barua ya chuo itaje jina la kituo cha kupimia na miaka unayotaka. Ukiandika "naomba data za mto" utasubiri sana.

Makete Baridi
Mabati na matope yote hayo ya nini? Chora, endesha simulesheni, maliza. OpenFOAM, programu ya kusimulesha mtiririko, ni ya bure.

Chumachakavu
Na meshi (wavu wa visanduku vya hesabu) ngapi? Kuna tasnifu zenye meshi moja na picha za rangi kurasa arobaini. Zinatakiwa angalau tatu, kila moja laini kuliko iliyotangulia kwa uwiano wa 1.3 au zaidi, uone jibu linatulia. Halafu y+ (umbali wa kisanduku cha kwanza kutoka ukutani, usio na uniti): kama umetumia fomula za ukuta iwe kati ya 30 na 300, kama unataka kuona tabaka la maji linalogusa ukuta lenyewe iwe karibu 1. Kijana anaweka 8 anasema "imekubali". Imekubali nini? Programu haikatai.

Makete Baridi
Si lazima kila mtu awe fundi mchundo.

Chumachakavu
Hakuna aliyesema lazima. Ila namba za kulinganishia utazitoa wapi kama hakuna aliyelowa?

Bi Nati
Mnagombana na wote mnaruka kosa la kipimo. Chukueni mfano huohuo wa Mnyalukolo. Rula ikikosea milimita 2 kwenye 200, ni 1% ya kimo, lakini kwa sababu ya kile kipeo inakuwa 2.5% ya mtiririko. Weka kosa la anguko 1%, la msokoto wa shafti 2%, la mizunguko 0.5%. Zipandishe zote kipeo cha pili, jumlisha, tafuta kipeuo cha pili: 3.4%. Ufanisi ukiwa 62%, hizo ni pointi 2 juu na 2 chini. Kwa hiyo anayeandika kwamba bapa lake jipya limepandisha ufanisi kutoka 61 hadi 63 hajapandisha kitu bado.

Parafujo
Hapo pamewaua wengi.

Sao Hill
Wa gasifaya za maranda (tanuri za kugeuza maranda kuwa gesi ya kuwaka), someni hii kabla hamjawasha. Hivi ndivyo inavyolipuka, na inaanza na umeme kukatika.

Feni inanyonya gesi kutoka kwenye tanuri, inapita kwenye kichujio, inaishia kwenye bomba la kuwashia. Umeme unakatika. Feni inasimama, lakini makaa ndani bado ni mekundu na yanaendelea kutoa gesi. Gesi iliyo kwenye kichujio inapoa, inasinyaa, inavuta hewa kupitia gasketi iliyochoka au bomba lililo wazi. Kaboni monoksaidi inalipuka ikiwa kati ya 12.5% na 74% ya hewa hiyo, na haidrojeni kati ya 4% na 75%, kwa hiyo ni vigumu kutoangukia humo. Watu wako pembeni wanapiga stori. Umeme unarudi, feni inajiwasha yenyewe, inasukuma mchanganyiko, mtu anapeleka kiberiti kwenye bomba kama kawaida. Moto haubaki mdomoni, unarudi nyuma mpaka kwenye kichujio, na mfuniko unaondoka.

Kinga: swichi ya feni iwe na kontakta isiyojiwasha umeme ukirudi. Umeme ukikatika, funga pa kuingilia hewa na pa kutokea gesi. Bomba la kuwashia lipite kwenye maji kwanza ili moto usirudi. Mfuniko ukae kwa springi, usifungwe kwa nati. Na usisimame mbele yake.

Bi Nati
Yesu wangu. Na jengo?

Sao Hill
Nje, chini ya paa lisilo na kuta. Gesi hiyo ina kaboni monoksaidi 15 hadi 25%, ambayo yenyewe haina harufu. Kaboni monoksaidi hewani ikifika sehemu 1,600 tu kwa milioni, kichwa kinauma ndani ya dakika 20, na ndani ya saa mbili unaweza kufa. King'ora chake kiwe cha kwanza kwenye bajeti.

Makete Baridi
Simulesheni haijawahi kulipua mtu 😂

Mnyalukolo Halisi
Si mchukue jenereta tu ya kuendesha feni?

Chumachakavu
Jenereta nayo inazima. Feni ya volti 12 na betri ya gari.

Sao Hill
Betri sawa, ila kontakta ibaki palepale. Na maranda yakaushwe kwanza. Yale mabichi ya Mafinga yana unyevu 100%.

Makete Baridi
100% si ni maji matupu hayo? Ni 50.

Sao Hill
100 kwa uzito mkavu. Kilo moja ya mti, kilo moja ya maji.

Makete Baridi
Ndiyo 50 yangu hiyo!

Bi Nati
Wote mko sawa, ndiyo maana kwenye tasnifu lazima useme umegawanya kwa uzito upi. Mbichi vile yanatoa kama megajuli 8 kwa kilo, makavu yanapita 18. Oveni iwe 105, pima mpaka uzito uache kushuka. Unyevu ukifika chini ya 20% kwa uzito wa jumla ndipo muongee habari ya gasifaya, na yafinyangwe kuwa vipande kwanza, maana unga mtupu unaziba koo la tanuri.

Parafujo
Mashine ya kufinyanga inapatikana wapi Mbeya?

Chumachakavu
Anzia SIDO, shirika la viwanda vidogo. Nenda na mchoro wenye vipimo, usiende na picha ya simu.