Kampeni Kusini: nani anatufanya tuseme "wote walewale"?

Mwana Mikindani
Hoja yangu, ndugu zangu: kinachotukatisha tamaa na kura huku kwetu kusini mwa Tanzania si upendeleo wa vyombo vya habari peke yake, ni namna kampeni zinavyotangazwa. Uchaguzi mkuu huangukia Oktoba, na minada ya korosho hufunguliwa Oktoba hiyohiyo. Mgombea anapanda jukwaani uwanja wa Mashujaa, Mtwara, anaahidi kupunguza makato kwenye fedha za korosho za mkulima. Taarifa ya saa mbili usiku inasema amefunika, umati umefurika, kampiga mpinzani kijembe. Makato yapi? Ya AMCOS (chama cha msingi cha ushirika), ya chama kikuu cha ushirika, ya halmashauri? Hakuna aliyeuliza. Kule Marekani, watafiti Cappella na Jamieson walilipima jambo hili miaka ya 1990: waliopewa habari za mbinu za ushindi walitoka na dharau kubwa zaidi kwa siasa kuliko waliopewa habari za sera.

Mkulima Newala
Kaka, hapo nakupinga. Dharau haikuanzia redioni. Mwaka 2018 Bunge lilifuta mgao wa 65% ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje uliokuwa unarudi kuendeleza zao, fedha zote zikaenda Mfuko Mkuu wa Serikali. Hilo watu hawakuhitaji kutangaziwa.

Mwana Mikindani
Sikatai, dada. Ila habari ikipewa kichwa "Wabunge wa kusini wacharuka", msikilizaji anajua nani kamfokea nani, hajui kwamba fedha zile zilikuwa zinasaidia pembejeo na utafiti. Uchaguzi ukifika atamuuliza nini mgombea?

Sikio la Lindi
Mnabishana bila kipimo. Shikeni daftari na saa, siku 7 mfululizo, taarifa ileile. Kila habari ya mgombea andikeni: imechukua sekunde ngapi, imesomwa ya ngapi, sauti yake imesikika au mtangazaji kamsimulia, ni sera au vijembe. Siku moja haitoshi, maana huenda mpinzani hakuwa na mkutano.

Wengi hukosea kwa kuhesabu habari za kampeni tu. Mgombea aliye madarakani akizindua kisima Ruangwa, inasomwa kama habari ya serikali. Dakika hizo zisipoingia daftarini, vyama vinaonekana sawa na kumbe havilingani hata kidogo. Picha nazo zitazameni: kamera ikikaa chini, karibu na jukwaa, watu mia mbili wanajaza kioo chote. Kama mkutano ni uwanja wa Ilulu, Lindi, daini picha iliyopigwa kutoka nyuma kabisa ya uwanja.

Mkulima Newala
Hapo nakuunga mkono. Basi ongezeni safu moja: usafiri. Mwandishi wa mkoani mara nyingi analipwa kwa habari moja moja na hana gari. Anapanda msafara wa mgombea Masasi hadi Tandahimba, anakula chakula chao, jioni anapewa bahasha. Chama kisicho na magari hakitangazwi, hata kiwe na sera nzuri namna gani. Mhariri anayetaka tumwamini aanze kwa kutamka hewani mwandishi wake alisafiri kwa gari la nani.