Uliyepaka seramiki juu ya PPF, njoo tupeane uzoefu

Kijogoo:
Wakuu, habari za humu. Jana jirani alikuwa anaosha gari lake, lina PPF gari zima, ile filamu ya plastiki angavu inayobandikwa kulinda rangi. Kwenye boneti maji yanakimbia yenyewe, mlangoni yametanda tu. Kumuuliza, kasema boneti imeshapakwa seramiki, ile dawa ya maji inayokauka ikawa tabaka jembamba, juu ya filamu, milango bado. Yangu ndiyo kwanza imebandikwa, na nimeshindwa kulala. Waliopitia hili, inasaidia kweli au ni kulipa mara mbili kwa kazi moja? Mlisubiri muda gani? Tiririkeni.

Mwanakwetu:
Umegusa penyewe mkuu. Nimeweka kambi.

Nyundo:
Kutupa hela. Filamu nzuri inatoka kiwandani na tabaka lake la juu linalosukuma maji. Unapaka nini juu ya nini? Hizi filamu zilianza kwenye mapanga ya helikopta za jeshi la Marekani enzi za vita ya Vietnam, na hakuna aliyezipaka seramiki.

Msafi:
Helikopta haioshwi kila Jumamosi, Nyundo.

Fundi Taulo:
Hii ndiyo kazi yangu, nisikilizeni. Filamu ni poliurethani, kwa kawaida ina unene wa mikroni 150 hadi 200 (mikroni elfu moja ni milimita moja), na huo unene ndio unaomeza kokoto. Seramiki ni nyembamba mno ukiilinganisha. Haizuii jiwe hata moja, na anayekwambia inazuia anakudanganya. Kazi yake ni kufanya uchafu usishike. Filamu ni laini kuliko rangi na inafyonza. Kinyesi cha ndege, utomvu wa mti, wadudu waliopondeka kwenye bampa, vikikaa juani vinauma mpaka ndani na alama haitoki. Ukiwa na seramiki unapata muda wa kuviosha kabla havijauma. Wenye magari meupe ndio wanaoujua uchungu huu, doa la njano linaonekana toka mbali. Na hilo tabaka la kiwandani analolisifia Nyundo linachoka, hasa kwa wanaoosha na sabuni kali.

Nyundo:
Wewe unauza, lazima usifie.

Fundi Taulo:
Nauza ndiyo. Na nimerudisha wateja nyumbani na hela zao mkononi kwa sababu filamu ilikuwa bado mbichi, maji ya kubandikia hayajakauka chini yake.

Bi Sukari:
Hapo kwenye "mbichi" umenitonesha kidonda. Ngoja niseme yote.

Gari nilinunua kwa mtu. Nikalipeleka kubandikwa filamu mbele kote: bampa, boneti, mafenda, saidi mira. Kazi ilitoka safi, nikafurahi. Fundi akasema gari lisiondoke, seramiki inapakwa kesho yake asubuhi. Nikamwonyesha pembeni ya nembo, palikuwa na ukungu na vimalengelenge vya maji. Akasema vitakauka vyenyewe. Ni kweli huwa vinakauka, lakini vinataka siku kadhaa na joto la kawaida. Yeye akapaka juu yake hivyo hivyo.

Alikuwa na magari mengine yanamsubiri, akasogeza taa ya joto karibu kabisa na boneti ili dawa ikauke upesi. Nilipokwenda jioni malengelenge yamevimba, na katikati ya boneti kuna mkanda wa rangi za upinde wa mvua. Dawa ilikauka kabla hajaifuta. Mtu mwingine angesimama hapo. Huyu akachukua mashine ya polishi. Nimesimama namtazama, pedi inazunguka, ukingo wa filamu karibu na taa ukaanza kunyanyuka, gundi ikavutika nyuzi nyuzi nyeupe, zikajisokota kwenye pedi. Tabaka la juu likaungua. Pakabaki pamefifia, ukipitisha kidole pana mikwaruzo.

Akasema basi, itolewe ibandikwe nyingine. Akaivuta kwenda juu, kwa nguvu, bila kuipasha joto. Ikaja na rangi! Kipande cha ukubwa wa kiganja, nimekiona kwa macho yangu kimeganda kwenye gundi, praima ikiwa imeangalia juu. Kumbe aliyeniuzia alishapiga rangi upya hiyo boneti na hakusema. Fundi akashikilia hapo hapo, eti rangi si yake. Niliondoka na boneti yenye mabaka, na hela alikuwa ameshachukua yote.

Mwanakwetu:
Duh! Pole sana dada.

Mama Chuma:
Pole mno. Nimesoma nikiwa nimeshika kichwa.

Dereva wa Usiku:
Mtaje huyo fundi, wengine wapone.

Msafi:
Asimtaje humu, tutaanza kesi nyingine. Amalizane naye huko huko.

Nyundo:
Pole Bi Sukari, kwa dhati. Ila kwa haki, hapo seramiki haina kosa. Rangi ilikuwa mbovu.

Mama Chuma:
Rangi mbovu ilikuwa imetulia mpaka haraka ya mtu ilipoifikia. Malengelenge nayo yaliletwa na rangi? Ile pedi je? Acha kumtetea mtu usiyemjua.

Nyundo:
Simtetei mtu. Natenganisha mambo.

Fundi Taulo:
Mambo mawili, na yote ni ya fundi. Kwanza, kabla ya kubandika unapita na kipimo cha unene wa rangi. Rangi ya kiwandani kwa kawaida inasoma kati ya mikroni 80 na 180. Ukiona boneti inasoma 300 na milango 120, unamwita mwenye gari unamwambia hii ilishapigwa rangi, ikitoka filamu inaweza kutoka na rangi. Pili, filamu haivutwi kwenda juu. Unaipasha joto, unaikunja, unaivuta polepole ikiwa imelala karibu na bodi. Imeniuma sana kusoma hiyo.

Kijogoo:
Pole dada Bi Sukari. Fundi, sasa nisubiri siku ngapi?

Fundi Taulo:
Wiki moja ndiyo ya chini kabisa. Kukiwa na baridi au unyevu, ongeza. Kama bado unaona ukungu chini ya filamu, usiguse.

Dereva wa Usiku:
Mimi nilipaka siku ya tatu, mpaka leo safi.

Msafi:
Mimi niliambiwa mwezi, nikasubiri mwezi. Kila fundi na kalenda yake.

Mama Chuma:
Muulize pia kama seramiki yenyewe ni ya filamu. Zile ngumu za rangi hazinyumbuki, na filamu inanyumbuka. Yangu ya kwanza ilipakwa ngumu, mikwaruzo midogo iliyokuwa inajifuta kwa maji ya moto ikaanza kugoma.

Dereva wa Usiku:
Yangu ni ngumu na mikwaruzo inajifuta juani kama kawaida.

Msafi:
Mashine ya presha msiielekeze kwenye kingo. Hilo halina mjadala.

Kijogoo:
Kuna mwingine kaniambia nipake seramiki kwanza, filamu ije juu yake.

Fundi Taulo:
Hapana! Gundi itashika nini? Kingo zitaachia. Filamu kwanza, seramiki baadaye, na baada ya kupaka gari lisiguswe na maji siku nzima, sabuni wiki nzima.

Mama Chuma:
Bi Sukari, boneti uliishia kuifanyaje?

Bi Sukari:
Imepigwa rangi upya. Nimeambiwa nisibandike chochote mpaka rangi ikauke hadi chini, kwa hiyo nangoja. Nimepata fundi mwingine, nilipofika tu akatoa kipimo kabla hata hajataja bei. Seramiki nimemwambia itafuata, gari nitakuwa nimeshalirudisha nyumbani kwanza.

Mwanakwetu:
Wakuu, na kwenye taa za mbele je? Nako inapakwa?