Mrejesho: yule mtoto aliyekuwa haongei

Wakuu nimerudi. Niliwauliza kuhusu mtoto wa miaka 7 tunayemlea, vita ilimtenganisha na mama yake, alikuwa haongei kabisa na mlango ukibamizwa tu anakimbilia uvunguni.

Mlinambia niache kumhojihoji, nikaacha, kumbe nilikuwa namtonesha kidonda kila siku jamani. Tukaweka ratiba ileile, shule, kucheza, kulala muda uleule, taa ya koridoni haizimwi. Wiki ya tano hivi akachora nyumba haina paa akasema "hapa ndo tulikuwa tunalala". Sikuuliza kitu, nikamsogezea penseli zingine.

Msalaba Mwekundu walichukua taarifa za mama yake, huduma yao ya kutafuta ndugu waliopotezana ni bure, jibu bado. Ila jana kabamiza mlango mwenyewe, akacheka.