Mtoto anaandika thelathini na tano kama 305: je, sarafu zitamsaidia?

Mzazi, Malindi
Assalam aleikum, wazazi na walimu. Binti yangu wa Gredi ya Pili huhesabu kwa mdomo hadi mia moja bila kukosea, lakini nikimtajia thelathini na tano huandika 305, yaani 30 kisha 5 ubavuni mwake. Nilimpangia mezani sarafu za shilingi 1, 5, 10 na 20 nikitumaini kwamba ataelewa mamoja na makumi, naye akazidi kuchanganyikiwa. Nimekosea wapi?

Mwalimu mstaafu, Kwale
Waaleikum salaam, mama. Mtoto ameandika alichosikia. "Kumi na tatu" hujieleza, ilhali neno "thelathini" halimwonyeshi kwamba ndani yake mna makumi matatu. Kwa hiyo, kwa muda, mzoeze kutamka "makumi matatu na mamoja matano" kabla ya kusema thelathini na tano.

Sarafu za 5 na 20 ziondoe, kwa kuwa katika kuandika namba hatuna nafasi ya matano wala ya ishirini. Chora safu mbili, makumi kushoto na mamoja kulia. Arushe dadu, achukue shilingi moja moja kwa hesabu ya dadu, na kila zinapotimia kumi akurudishie zote, nawe umpe sarafu moja ya 10, ile yenye simba katika toleo la 2018. Somo lenyewe limo katika kule kubadilishana, basi usimharakishe hapo.

Baba wa mapacha, Nakuru
Shikamoo, Mwalimu. Naomba kuongeza jambo moja. Mmoja wa wanangu alilia akidhani ananyang'anywa, kwani alitoa sarafu kumi akapewa moja, na ukiitazama sarafu ya 10 huzioni zile shilingi kumi. Tulirudi kwenye vijiti, tukavifunga kumi kumi kwa mpira, na kwa siku kadhaa kila fungu likawekewa simba wake juu, hadi mwenyewe akasema vijiti havihitajiki tena.

Mzazi, Malindi
Ahsanteni sana. Jana ameandika 35 sawasawa. Tulipofika arobaini, akaona simba wanne kushoto na kulia patupu, nikamwambia aandike sifuri. Akauliza kwa nini iandikwe ilhali hapana kitu. Nimjibuje?

Mwalimu mstaafu, Kwale
Mwambie aifute, asome kilichobaki, kisha akuhesabie shilingi zilizomo katika wale simba wanne.