Kiraka cha kerneli (marekebisho ya kiini cha mfumo endeshi) kikishatoka, ni halali kunyamazia kinachozibwa?

Mleta mada:
Wadau, mimi nasema si halali. Chukueni ule mwanya wa usalama wa Linux ulioitwa Dirty Pipe. Mtaalamu wa programu Max Kellermann alikuwa akichunguza faili za kumbukumbu za seva zilizokuwa zikiharibika bila sababu ya kueleweka, mpaka akafika kwenye kosa ndani ya kerneli ya Linux, kuanzia toleo la 5.8. Mtumiaji wa kawaida aliyeruhusiwa kusoma faili tu aliweza kuandika juu yake, na kutoka hapo akajitwalia mamlaka yote ya mfumo.

Aliripoti tarehe 20 Februari 2022. Tarehe 23 matoleo yaliyozibwa yakatoka kimya kimya. Wasambazaji wa Linux (kama Ubuntu) wakaarifiwa tarehe 28, na umma ukaambiwa tarehe 7 Machi.

Kiraka chenyewe ni mistari miwili, inayofuta alama za zamani za bafa (sehemu ya kushikilia data kwa muda) ili zisibaki na thamani iliyotumika kabla. Mdukuzi anayefuatilia msimbo wa kerneli kila siku anaiona mistari hiyo na kujiuliza kwa nini imeongezwa. Siku 12 nzima alikuwa na nafasi hiyo, huku msimamizi wa seva akidhani ni sasisho kama mengine, la kusubiri mwisho wa mwezi. Kimya hicho kilimlinda nani?

Mchangiaji:
Mkuu, nakupinga. Unawafikiria wenye seva. Mwenye simu je? Kellermann aliujaribu mwanya huo kwenye simu ya Pixel 6 na ukafanya kazi. Mwenye simu hawezi kujiundia kerneli, anangoja mtengenezaji. Ukipiga mbiu siku ileile, umemwanika.

Halafu kutangaza hakuponyi. Microsoft walitoa kiraka cha mwanya wa SMB (njia ya Windows ya kushirikiana faili mtandaoni) tarehe 14 Machi 2017 na kusema wazi kuwa ni wa hatari kubwa. Tarehe 12 Mei WannaCry, programu hasidi inayofunga faili na kudai fidia, ikaingia kupitia mwanya huohuo, na hospitali za Uingereza zikaahirisha matibabu. Taarifa ilikuwepo karibu miezi miwili!

Mleta mada:
Hoja ya simu ni nzito, siibezi. Ndiyo maana sipingi usiri kabla ya kiraka kutoka: timu ya usalama ya kerneli ina utaratibu wa kuchelewesha kiraka kilichokamilika kwa siku chache, kwa kawaida zisizozidi 7, na hizo zitumike kuwaandaa watengenezaji. Wala sidai mbinu ya kushambulia ichapishwe. Nadai sentensi moja siku kiraka kinapotoka: huu ni mwanya wa usalama, sasisha na uwashe mashine upya.

Kuhusu WannaCry, waliosikia na kuweka kiraka cha Machi waliziba mlango ule. Taarifa iliwapa nafasi ya kuchagua. Kwenye Dirty Pipe, hata msimamizi makini kuliko wote hakupewa nafasi hiyo mpaka Machi.

Sasa nijibu, mkuu: ungekuwa na seva moja yenye akaunti za wateja mia, ungetaka kuambiwa tarehe 23 Februari au 7 Machi?