Korosho kwenye uji wa mtoto wa miezi minane: zisagwe na unga au la?

Nyota ya Masasi
Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Mtoto ana miezi minane. Unga wake wa lishe umesagwa mashineni: mahindi, mtama, ulezi, mchele, soya, karanga na korosho humo humo. Haumalizi wiki tatu unaanza kutoa harufu, mtoto anaukataa. Uji ukiwa mzito haumshuki, nikiongeza maji anamaliza kikombe kisha muda si mrefu analia njaa. Niache korosho?

Kinu na Mchi
Usiache dada, zitoe tu kwenye unga. Karibu nusu ya uzito wa korosho ni mafuta, na karanga vivyo hivyo. Zikishasagwa, mafuta hayo yanapigwa na hewa, na kwa joto la huku kwetu unga hauchelewi kuharibika. Ndiyo harufu hiyo. Karanga zina balaa lingine, sumukuvu: zilizosinyaa au zenye ukungu tupa, maana kupika hakuiondoi. Na vitu saba kwenye uji mmoja vya nini? Akitokwa vipele utajuaje kilichomdhuru?

Saga mahindi na ulezi basi. Korosho nunua vipande, ni nafuu kuliko nzima na lishe ni ile ile. Zikaange bila mafuta kwa moto mdogo mpaka zinukie, pukuchua ngozi ya ndani, twanga zingali na joto hadi zilainike kabisa. Andaa za siku tatu nne tu, uzihifadhi kwenye chupa kavu yenye mfuniko.

Kupika: vijiko vitatu vya chakula vya unga, vuruga kwa maji baridi, mimina kwenye maji yanayochemka. Maji yote yasizidi mililita 300. Koroga dakika 15, na ukikaribia kuepua tia kijiko kimoja cha chakula cha korosho.

Zamu ya Usiku
Huyu wa kwako keshazila bila shida. Wanaoanza sasa: nusu kijiko cha chai, asubuhi, siku ambayo hapewi chakula kingine kipya. Midomo ikivimba, akitapika mfululizo au akihema kwa shida, hospitali papo hapo. Mwenye pumu ya ngozi kali aonwe na daktari kwanza. Korosho nzima asipewe kabla ya miaka mitano, zinakaba.

Hicho kikombe cha uji mwepesi kinajaza tumbo maji. Umri huo nusu kikombe cha uji mzito kinatosha kwa mlo, mara mbili au tatu kwa siku, na ziwa liendelee.

Mwambao
Mzito haumshuki? Dawa yake kimea cha ulezi. Loweka ulezi usiku kucha, chuja, funika kwa kitambaa kibichi siku mbili tatu hadi uchipue, anika ukauke, fikicha mizizi na machipukizi uyapepete, kisha saga. Uji ukiiva epua, uache upoe kidogo (ukiwa wa moto sana kimea hakifanyi kazi), tia kijiko kimoja cha chai, koroga. Utauona unalegea bila kuongeza maji. Urudishe jikoni uchemke tena, maana kimea kibichi hubeba vijidudu.

Mchana mpe mbaazi: ziloweke, zichemshe hadi zivurugike, zisugue kwenye chujio maganda yabaki juu, malizia na tui zito.

Nyota ya Masasi
Asanteni sana. Na samaki? Huku bara tunapata zaidi ng'onda.

Mwambao
Ng'onda ana chumvi nyingi mno kwa mtoto, hata ukimloweka inabaki. Tafuta dagaa wakavu wasiotiwa chumvi. Toa vichwa na matumbo, osha kwa maji moto mara mbili mchanga utoke, kausha kikaangoni, twanga, pitisha kwenye chekeche. Kijiko kimoja cha chai kwenye mbaazi. Usitie kwenye uji, ataukataa tena.