Tupeane uzoefu: Mzee wa kwanza wa ukoo wenu kufika hapo mlipo, ulimkuta kwenye karatasi gani?

Mjukuu wa Muheza (mleta mada)

Wakuu, habari za leo.

Uzi huu ni kwa wale waliowahi kumtafuta mzee wao wa kwanza, yule aliyehama kwao akaja kuanzisha mji, kwa kutumia maandishi: nyaraka za serikali, vitabu vya ubatizo, mahakama, magazeti ya zamani, chochote. Masimulizi ya bibi kila mtu anayo. Nataka tuone yalipokutana na karatasi ilikuwaje. Majina ya wazee tuyaache kapuni.

Naanza mimi. Kwetu Muheza, ila si Wabondei wala Wasambaa. Baba yake babu alitoka Unyamwezi enzi za Mjerumani, akaja kufanya kazi mashambani. Nyumbani wanasema alikuja "pamoja na mkonge wa kwanza" na kwamba alikuwa mnyapara mkubwa. La mkonge wa kwanza nililitilia shaka mapema. Mkonge uliletwa 1893 na Dk. Richard Hindorf, miche ikatoka Florida ikapitia Hamburg, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Miche 62 mtu haendi kutafutiwa Tabora aje kuipalilia.

Mwanzoni nilikuwa natafuta jina lake na sipati kitu. Nikabadilisha swali: nani alikuwa anamdai? Serikali ya kikoloni haikuandika mtu kwa sababu inampenda. Iliandika anayedaiwa kodi (kodi ya kibanda ilianza 1898, rupia 3), anayedaiwa kazi, anayedaiwa kesi. Pale Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo, kuanzia 1907 wenyeji walikuwa wanapewa kadi ya kumfanyia mzungu kazi siku 30 ndani ya miezi minne. Watu wa bara kama mzee wetu walikuja kwa mkataba. Kwa hiyo mtu wa kumdai mzee wetu alikuwa mwenye shamba.

Nikaenda Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Upanga, nikaomba mafaili ya Kijerumani yanayohusu vibarua wa Tanga. Yamo mengi na yamechakaa. Katika faili moja la barua za malalamiko kulikuwa na orodha ya vibarua waliotoroka kabla ya mkataba kwisha, wanasakwa. Jina la mzee, jina la baba yake, jina la mtemi wa kwao. Vyote vinalingana na tambiko letu.

Kwa hiyo mnyapara mkubwa wa ukoo alikuwa mtoro. Baba mkubwa aliposikia alininunia mwezi mzima. Shangazi alicheka mpaka machozi, akasema ndiyo maana hatujawahi kuwa na mtu aliyestaafu kazini kwetu.

Angalizo kwa mtakaokwenda: tafuteni kwa tahajia ya Mjerumani. Mwanza ni Muansa, Kilosa ni Kilossa, Ujiji ni Udjidji, Wachaga ni Wadschagga. Palipo na "ch" tarajia "tsch", palipo na "j" tarajia "dsch". Na miji imebadilika majina: Neu-Langenburg ni Tukuyu, Bismarckburg ni Kasanga, Sphinxhafen ni Liuli. Mtu anaweza kupitia faili la kwao kabisa na asijue kama ni la kwao.

Kengeleni

Mleta mada umenigusa. Sisi ni watu wa Frere Town, Mombasa. Kwa wasiojua, ni makazi yaliyoanzishwa na CMS, misheni ya Kianglikana ya Uingereza, mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Kengele yenyewe ipo mpaka leo hapo Kengeleni, matatu zinaizunguka.

Bibi yetu wa kwanza aliokolewa baharini akiwa mtoto. Nyumbani tulikuwa tunasema tu "alitolewa jahazini na Waingereza". Hapo swali lako la nani anamdai linafanya kazi kwa namna ya ajabu, maana nahodha wa manowari alilazimika kueleza kila jahazi alilokamata, amekuta watu wangapi na wamepelekwa wapi. Miaka ile meli HMS London ilikuwa imetia nanga Unguja kama kituo cha doria. Taarifa za namna hiyo zimehifadhiwa kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, pale Kew, na barua za misheni ziko Chuo Kikuu cha Birmingham. Binamu yangu anaishi kule, akajitolea kwenda kusoma.

Alichokipata ni mstari mmoja kwenye orodha ya watoto waliokabidhiwa misheni. Jina la nyumbani limeandikwa kama mwandishi alivyolisikia, umri wa kukisia, na kabila "Yao". Basi. Mstari huo mmoja tuliusoma kwenye simu, watu wa ukoo wote kimya. Maana sisi miaka yote tukijiita Wamisheni, mtu akituuliza kabila tunababaika.

Nyongeza kwa wenye asili ya Rabai: mwanzo wa Januari 1889 watumwa watoro zaidi ya 1,400 waliokuwa wamejificha kwenye misheni walipewa hati za uhuru, baada ya IBEA, ile kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala pwani, kukubali kuwafidia mabwana zao. Palipo na fidia pana hesabu, na palipo na hesabu pana majina. Ya mtumwa na ya bwana.

Kimya Kingi

Samahani wakuu, mimi nina mtazamo tofauti. Haya mambo ya kujua nani alikuwa mtumwa wa nani yatawagombanisha watu na majirani zao. Wazee walinyamaza kwa sababu. Mkishajua, mtafanya nini nayo?

Kengeleni

@Kimya Kingi nakuelewa kabisa. Kwetu tulikubaliana jina la bwana halitoki nje ya familia. Lakini la bibi linatoka.

Bint Mkunazini

Assalaam alaykum. Mimi wa Unguja na suala hili kwetu ni zito, niliandike kwa adabu.

Amri ya kufuta utumwa Zanzibar ilitolewa 1897, lakini haikumwacha mtu huru hivi hivi. Mtu alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba, aonyeshe ana pa kukaa na njia ya kujikimu, na bwana alipwe fidia. Kwa hiyo waliokwenda wameandikwa, na waliobaki shambani kwa mapatano hawakuandikwa. Ukikosa jina usiseme mzee wako hakuwepo. Na masuria hawakuingia kwenye amri hiyo mpaka 1909, ndiyo maana akina mama wengi hawaonekani kabisa.

Mimi bibi mzaa bibi nilimkuta mahali ambapo sikutegemea: kwenye hati ya wakfu. Bwana mmoja mwenye mashamba ya mikarafuu aliweka wakfu nyumba na miti kadhaa kwa ajili ya watumwa wake aliowaacha huru na vizazi vyao. Majina yametajwa mmoja mmoja. Hati imeandikwa kwa Kiarabu, tarehe ya Hijria, ilibidi nimwombe ami anisomee. Alipofika kwenye jina la bibi alisita, akanitazama, akaendelea.

Walio wengi hukimbilia mafaili ya Waingereza pale Hifadhi ya Nyaraka Kilimani, na kweli yamo mengi. Lakini nyaraka za kadhi na za wakfu zina kitu ambacho Mwingereza hakuwa nacho haja, yaani nani ni mtoto wa nani. Mirathi haigawiki bila hilo. Na ndugu zetu walioko Maskati mkiwa na masanduku ya hati za mashamba za wazee, tafadhali msizitupe. Nyinyi mnaona ni karatasi za mali iliyokwisha potea tangu 1964. Huku kuna mtu anamtafuta nyanya yake humo ndani.

Kubadilisha Hijria kuwa miladia msifanye kwa kutoa namba moja kwa kichwa. Mwaka wao una siku kama 11 pungufu, tofauti inabadilika. Tumieni jedwali.

Singh wa Kisumu

Hamjambo wote. Mimi ndiye Kalasinga wa humu, nimezaliwa Kisumu kama baba yangu.

Mzee wetu alikuja na ujenzi wa reli ya Mombasa hadi Kisumu. Kati ya 1896 na 1901 walisafirishwa karibu watu 32,000 kutoka India, wengi kupitia Karachi, na takriban 2,500 walikufa. Waliobaki huku ni kama 6,700, wengine wote walirudi. Sisi ni wajukuu wa hao waliobaki, wala si kila Mhindi wa Kenya, ingawa watu hupenda kusema hivyo. Wenye maduka wengi walikuja kivyao.

Nairobi nilipekua Hifadhi ya Taifa, lile jengo la zamani la Bank of India pale Moi Avenue, nikapata kidogo sana. Ufunguo ulikuwa Punjab. Mwingereza alipopima ardhi kule kwa ajili ya kodi, kila kijiji kilichorewa jedwali la nasaba la wenye mashamba, linaitwa shajra nasab. Mtu aliyeondoka huwa amebaki kwenye jedwali na fungu lake la ardhi, maana ndugu zake walitaka ijulikane nani atalima. Nimemkuta mzee wangu hapo, na kando wameandika kuwa yuko Afrika. Kwa hiyo hapa aliyemdai si serikali peke yake, ni ndugu zake mwenyewe.

Ukiwa na asili ya huko, ulizia pia makuhani wa Haridwar, mji mtakatifu wa Wahindu. Wana madaftari marefu ya familia, kila mtu aliyekuja na majivu ya marehemu huandikisha ukoo wake. Wanakuuliza kijiji tu, wanafungua.

Mama Pumwani

Wangu hakuwa mzee, alikuwa mama. Nyanya ya baba yangu ndiye wa kwanza kwetu kuishi Nairobi.

Mume wake alichukuliwa 1917 kubeba mizigo ya vita vya Mjerumani, ule mwaka walipokusanya vijana vijiji vizima. Hakurudi. Kaburi hakuna. Pale Kenyatta Avenue kuna sanamu ya askari na wapagazi, lakini majina hakuna. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Ndiyo hao wetu.

Sasa, mleta mada anauliza nani alimdai. Kwetu ilikuwa kinyume, sisi ndio tuliodai. Baada ya vita kulikuwa na mishahara ya wapagazi waliokufa ambayo haikulipwa kwa wenyewe. Nyanya alisikia, akatembea mpaka kwa DC (mkuu wa wilaya) na kile kibati cha namba ambacho rafiki ya mumewe alikirudisha. Karani akaandika: mwanamke fulani, mke wa namba fulani, amekuja tena. Hilo neno "tena" nimelipenda kuliko yote. Barua ziko kadhaa kwenye faili la wilaya, miaka tofauti, na kila mara anajibiwa subiri.

Hakulipwa. Barua ya mwisho anwani yake imebadilika, ni Pumwani, mtaa wa Nairobi. Kutoka hapo nikajua nitafute wapi: orodha za wenye viwanja vya Pumwani, ambako wanawake wenye nyumba walikuwa wengi kuliko mtu anavyodhani. Alikuwa na nyumba ya vyumba sita na anapangisha. Sisi tulikuwa tunaambiwa nyumba aliijenga babu.

Mwana wa Katanga

Jambo yenu bote. Mimi niko Lubumbashi, mutanisamehe Kiswahili chetu.

Nkambo (babu) alitoka Burundi kuja kufanya kazi ya mukuba (shaba), kwa kampuni ya Union Minière. Kwa kampuni kila mfanyakazi alikuwa na fishi (kadi) yake. Nzuri ya fishi ni posho: walikuwa wanapima unga kwa hesabu ya bibi (mke) na batoto, basi bibi anaandikwa, kila mutoto anaandikwa siku amezaliwa, na akikufa wanakata. Tulikuta humo batoto wawili ambao nyumbani hakuna mutu alisha kubataja.

Tukuyu Mvua Nyingi

Uzi mzuri sana. Swali: babu mkuu wetu inasemekana alikuwa kati ya watu wa mwanzo kubatizwa Rungwe na Wamoraviani, waliofika 1891. Usharikani nimeambiwa vitabu vya mwanzo havisomeki. Nimepiga picha ukurasa mmoja, kwa kweli ni kama mistari ya mchwa. Nianzie wapi?

Mjukuu wa Muheza

@Tukuyu Mvua Nyingi, hiyo ni hati ya mkono ya zamani ya Kijerumani, inaitwa Kurrent. Hata Wajerumani wa leo wengi haiwapandi, kwa hiyo usimpe mtu kwa sababu tu amesoma Goethe-Institut. Tafuta chati ya herufi zake, zipo mtandaoni bure. Anza na tarehe na majina ya miezi, halafu majina ya vijiji unavyovijua, hapo utaona "e" yao inafanana na "n" na mambo yataanza kufunguka.

Pili, wamisionari walikuwa wanadaiwa taarifa na waliowatuma. Hifadhi kuu ya Wamoraviani iko Herrnhut, Ujerumani, na wanajibu barua pepe. (Kwa wenzetu wa Kilimanjaro, nyaraka za misheni ya Leipzig nyingi ziko Halle.) Waandikie kwa kifupi: kituo, miaka, jina la ubatizo na jina la nyumbani kwa tahajia zote unazofikiria. Kwenye barua yako andika Rungwe na Neu-Langenburg vyote viwili.

Na hiyo picha ya ukurasa itupie hapa, ila ipige tena mchana karibu na dirisha, bila flashi, na ukurasa wa pembeni uonekane. Mara nyingi jina la baba wameliandika upande wa pili.